Turudishiwe Duru ya Pili



Fikirini wafanyakazi mia moja wametoka kazi ya usiku. Wamesimama mbele ya lango la mgodi, wataka kumchagua mwenzao mmoja atakayesema kwa jina lao mbele ya wakubwa. Wanaoitaka kazi hiyo ni wengi. Wa kwanza apata kura 38, wa pili 35, wa tatu 24, na waliobaki wagawana 3. Yule wa 38 ainuliwa mabegani, nyimbo zaimbwa. Lakini hesabu haina aibu: watu 62 hawakumtaka. Kesho akiingia ofisini, mkubwa atamwuliza, “Wewe wasema kwa jina la nani?” Naye atajibu nini?

Mfano huu haukutoka mbali. Hayo ndiyo matokeo yaliyotangazwa ya uchaguzi wa rais wa nchi yetu wa tarehe 30 Desemba 2018. Wagombea walikuwa 21. Bwana Félix Tshisekedi aliandikiwa 38.57 katika mia, Bwana Martin Fayulu 34.83, Bwana Emmanuel Ramazani Shadary 23.84. Kwa sheria tuliyo nayo, mambo yakaishia hapo. Aliyetangulia ndiye rais, hata kama nyuma yake hawajafika wanne katika kila kumi waliopiga kura.

Leo hatuandiki kumlaumu mtu aliyetangulia wala kumlilia aliyebaki nyuma. Twaandika juu ya sheria. Mtu hupita, sheria hubaki, nayo ndiyo itakayowahesabu watoto wetu.

Sheria hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Katiba ambayo wananchi waliikubali kwa kura zao wenyewe mwezi Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Asipopatikana mwenye nusu na zaidi, wawili wa mbele walirudi mbele ya wananchi katika duru ya pili. Tuliifuata sheria hiyo mara moja tu. Tarehe 30 Julai 2006 wagombea walikuwa 33. Bwana Joseph Kabila akapata 44.81 katika mia, Bwana Jean-Pierre Bemba 20.03, mzee Antoine Gizenga 13.06. Hakuna aliyefika nusu. Tarehe 29 Oktoba tukarudi kwenye masanduku, na Bwana Kabila akapata 58.05 dhidi ya 41.95.

Tazameni lililotokea kati ya siku hizo mbili. Mtu aliyekuwa na 44 alilazimika kutafuta marafiki. Alimwendea mzee Gizenga, mtu wa Bandundu, mbali sana na kwetu, mtu ambaye siasa yake ilianza pamoja na Lumumba. Wakapatana mbele ya watu wote, na mwisho wa mwaka ule mzee Gizenga akaitwa kuwa waziri mkuu. Hiyo ndiyo kazi ya duru ya pili. Humlazimisha mkubwa kubisha hodi katika nyumba ambayo jana aliipita bila kuiamkia.

Sheria hiyo ilidumu miaka mitano. Mwezi Januari 2011 wabunge na maseneta walikutana pamoja wakarekebisha Katiba, na tarehe 20 ya mwezi huo ikatiwa sahihi. Tangu siku hiyo rais achaguliwa kwa duru moja, na anayewazidi wenzake, hata kwa kura moja, amepita. Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi kumi tu. Katika uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011 Bwana Kabila alitangazwa mshindi kwa 48.95 katika mia, na mzee Étienne Tshisekedi wa pili kwa 32.33. Kwa sheria ya 2006 tungalirudi kupiga kura. Kwa sheria mpya tuliambiwa, “Nendeni nyumbani, yamekwisha.”

Hapa kuna jambo ambalo kila mfanyakazi yafaa alishike vizuri. Katiba yenyewe yasema kwamba marekebisho yaweza kupita bila kuwauliza wananchi, ikiwa wabunge na maseneta waliokutana pamoja wanayakubali kwa wingi wa sehemu tatu katika tano. Basi ili kuliondoa sharti la nusu, wao wenyewe walihitaji kupita nusu na kuizidi. Neno ambalo wananchi walilikubali kwa kura zao, waheshimiwa waliliondoa bila kuwarudia wananchi.

Na si hilo tu. Gavana wa mkoa hachaguliwi na sisi, huchaguliwa na wabunge wa mkoa. Katika uchaguzi huo sheria yataka wingi wa zaidi ya nusu, na usipopatikana kuna duru ya pili kati ya wawili wa mbele. Mwezi Januari 2007, wakati Katanga ilipokuwa bado mkoa mmoja, Bwana Moïse Katumbi alipata kura 94 katika 102. Alipita nusu kwa mbali, na hakuna aliyeuliza anasema kwa jina la nani. Basi twauliza: kwa nini duru ya pili ni nzuri kwa wabunge wachache walioketi katika ukumbi, na ni mbaya kwa mamilioni ya wananchi waliosimama juani? Kama ni dawa, mbona mganga aijaza kikombe chake na kukimwaga cha mgonjwa?

Wazee wetu wa mji huu wanaijua habari ya sheria inayobadilishwa mchezo ukiwa uwanjani. Mwezi Desemba 1957, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, wanaume walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini zao, na juu yao mkuu wa mji alibaki mteule wa Wabelgiji. Miaka miwili na nusu baadaye, mwezi Mei 1960, ukaja uchaguzi wa baraza la mkoa wa Katanga. Viti vilikuwa 60. Conakat ilipata 25, na umoja wa Balubakat na wenzake 23. Vilivyobaki vilikuwa vya watu huru na vyama vidogo. Hakuna aliyepata nusu.

Sheria ya msingi ambayo Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuiandika ilisema kwamba serikali ya mkoa haiwezi kuundwa wasipokuwapo barazani theluthi mbili za wajumbe, yaani watu 40. Maana yake ilikuwa wazi: hakuna upande utakaotawala Katanga peke yake, lazima wapatane. Conakat hata pamoja na marafiki zake hawakutimia 40. Balubakat wakakataa kuingia ukumbini. Yapasa kusema kweli kwamba kukataa kuingia nako si kupatana. Lakini badala ya kuwaacha waketi, wavutane, wachoke, wapatane, Bunge la Brussels lilibadilisha sheria katikati ya Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, ili wingi wa kawaida utoshe. Bwana Moïse Tshombe akawa mkuu wa mkoa, na serikali ikawa ya upande mmoja. Tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga kwa Katanga. Yaliyofuata, vita vya kaskazini, kambi ya wakimbizi hapa mjini, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, yanajulikana mpaka mwezi Januari 1963.

Hatusemi kwamba kifungu kimoja cha sheria ndicho kilicholeta vita. Shaba ilikuwapo, Wabelgiji walikuwapo, uadui wa wenyewe kwa wenyewe ulikuwapo. Twasema hili: palikuwa na mlango mmoja wa kuwalazimisha watu wa nyumba moja waongee, na mlango huo ulifungwa na mtu wa nje kwa sababu alikwisha kuona nani atapita kwa dirisha. Mwaka 1960 sheria ilibadilishwa baada ya kura kuhesabiwa. Mwaka 2011 ilibadilishwa miezi kumi kabla. Tofauti ni ya kalenda tu.

Niruhusuni niseme habari ndogo ya kwetu. Katika kampi tulikuwa na likelemba ya watu arobaini, sanduku la kusaidiana wakati wa kilio na ugonjwa. Siku moja tulimchagua mtunza sanduku. Waligombea watano. Aliyeshinda alipata kura 13. Alikuwa mtu mwaminifu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale 13. Lakini mwezi wa kwanza watu tisa walichelewa kutoa fedha, mwezi wa pili kumi na watano, na kila mmoja alikuwa na sababu. Walipokaa peke yao walisema, “Huyo ni mtu wenu, si wetu.” Mtoto wa mwenzetu alipofariki, sanduku lilikuwa na fedha za sanda tu, za jeneza hazikuwamo.

Mwaka uliofuata mzee mmoja akasema, “Wawili wa mbele wabaki, wengine wakae, tupige tena.” Tukapiga tena. Mtu yule yule akashinda, safari hii kwa kura 24 dhidi ya 16. Mtunza sanduku hakubadilika, na fedha zikaingia kwa siku zake. Waliokuwa wamempigia mtu mwingine duru ya kwanza walikuwa wamemchagua yeye duru ya pili kwa mkono wao wenyewe, basi hawakuweza tena kusema kwamba hawamjui. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba duru ya pili ni hila ya walioshindwa. Humsaidia hata mshindi.

Wenzetu wa ng’ambo ya Kasumbalesa wamelijua jambo hili. Wachimbaji wa Zambia wanachimba shaba ile ile na sisi. Katiba yao, ilivyorekebishwa mwaka 1996, iliacha kutaka nusu. Mwaka 2001 Bwana Levy Mwanawasa akawa rais kwa kura 29 katika mia, na aliyemfuata, Bwana Anderson Mazoka, alikuwa na 27. Kesi ikaenda mahakamani, na maneno yakadumu miaka. Mwezi Januari 2016 Wazambia wakarudisha sharti la zaidi ya nusu. Mwaka huo Bwana Edgar Lungu alilivuka kwa shida, kwa 50.35. Mwaka 2021 Bwana Hakainde Hichilema alilivuka kwa 59, na rais aliyekuwapo akaondoka kwa amani. Kama wao waliweza kurudi nyuma na kusahihisha, sisi twazuiwa na nini?

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, maana hoja zao si za kipumbavu zote.

Wa kwanza wasema: fedha. Nchi ni kubwa, barabara hakuna, karatasi za kura hupelekwa kwa ndege na kwa mitumbwi, basi duru mbili ni gharama mara mbili. Twajibu kwamba mwaka 2006 duru ya pili ya rais ilifanyika siku moja na uchaguzi wa mabaraza ya mikoa. Safari ilikuwa moja, kazi mbili. Yawezekana tena kufanya hivyo. Na nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima isituambie kwamba imekosa franka za kuuliza mara ya pili nani aitawale. Sisi tunaoandika hesabu za magari yanayotoka mgodini twajua kilichotoka.

Wa pili wasema: duru ya pili hugawa nchi. Mwaka 2006 mashariki walimpigia Kabila, magharibi walimpigia Bemba, na Kinshasa bunduki zililia mwezi Agosti, zikalia tena Machi 2007. Ni kweli, wala hatuifichi. Lakini duru moja haikutuletea amani pia. Twaona dawa nyingine yafaa iongezwe juu ya ile ya kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010 yataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena robo ya kura katika kaunti zinazozidi nusu ya kaunti zao 47. Hivyo mtu wa upande mmoja tu hawezi kupita. Sisi tuna mikoa 26. Hesabu kama hiyo haimshindi karani yeyote.

Wa tatu wasema: mwezi Desemba 2023 Rais Tshisekedi alipata 73 katika mia, basi duru ya pili ya nini? Ndugu, kofia ngumu ya mgodini hatuivai kwa sababu jiwe limeanguka leo. Twaivaa kwa siku litakapoanguka. Tena katika uchaguzi huo walioandikishwa walikaribia milioni 44, na waliopiga kura walikuwa kama milioni 18. Wengi walibaki nyumbani. Anayejua kwamba mtu aweza kupita kwa 38 huuliza kura yake itabadilisha nini, naye hulala.

Kuna na hoja ya nne, ambayo ni nzito kuliko zote, nayo husemwa kwa sauti ndogo. Sharti la nusu laweza kuwa fimbo ya kabila kubwa juu ya kabila dogo. Katika jimbo la Georgia, huko Marekani, sheria ya duru ya pili iliwekwa mwaka 1964, wakati watu weusi walipokuwa wakipata nguvu ya kura. Wengi wa waliochunguza habari ile wanasema nia ilikuwa hii: ikiwa wazungu wamegawana kura zao kwa watu watatu na mweusi ametangulia, duru ya pili iwakusanye wazungu wamshinde. Ni aibu, na yafaa tuijue. Lakini tujue na mwisho wake. Mwezi Januari 2021, katika duru ya pili hiyo hiyo ya Georgia, mchungaji mweusi, Raphael Warnock, alichaguliwa seneta, na Desemba 2022 akashinda tena kwa duru ya pili. Mtego ulishindwa kwa sababu watu weusi walisimama na marafiki wasio wa rangi yao.

Lubumbashi yapasa ilisome somo hilo mara mbili. Mji huu ni wa watu waliokuja kutoka pande zote kufuata kazi. Uchaguzi ule wa 1957 ulipandisha chuki kati ya wenyeji na wageni waliotoka Kasai, na mwaka 1992 tuliiona chuki hiyo ikiwajaza watu katika stesheni ya treni na vitanda vyao. Anayetaka duru ya pili ili kabila lake likusanyike limponde jirani, huyo si mwenzetu. Twaitaka ili kusiwe na mtu atakayeweza kushinda kwa watu wa nyumbani kwake peke yao.

Wala hatudanganyi kwamba sheria hii itatosha. Mwaka 2018 maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na waangalizi wengi vituoni, walisema matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na waliyoyaona. Hesabu mbaya ikifanywa mara mbili ni hesabu mbaya mbili. Kwa hiyo duru ya pili itembee pamoja na karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani kila kituo, na watu wakiisoma kabla sanduku halijaondoka.

Kwa nini twayasema haya leo? Mwezi Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alisema kwamba Katiba ya sasa haifai na kwamba tume itaundwa kuitazama. Wengine wataka iguswe, wengine hawataki hata kidogo. Sisi twasema: kifungu cha 220 kimefungia mambo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyarekebisha, kama vile kura ya watu wote, idadi na urefu wa vipindi vya rais, na uhuru wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi. Sharti la nusu halikuwekwa ndani ya kufuli hiyo, ndiyo maana mwaka 2011 liliibwa kwa urahisi. Yeyote anayesema juu ya Katiba aulizwe kwanza: je, utaturudishia duru ya pili, na utaitia kufuli?

Tuanze na hapa karibu. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini, mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Kwa sheria, washauri hao ndio wanaomchagua burugumestre, na mkuu wa mji huchaguliwa na washauri wa mji, ambao nao huchaguliwa na wale wa komini. Kutoka kura yako mpaka kiti cha mkuu wa mji kuna ngazi, na katika kila ngazi kuna mtu aliyekaa na bahasha. Mtu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, anayelipa kodi ya soko na kukosa maji, haki yake ni kumchagua mkuu wa mji mwenyewe, kwa zaidi ya nusu, mara mbili ikibidi.

Basi, ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa sokoni, na ninyi vijana mtakaopiga kura mara ya kwanza: mbunge akija na fulana na chumvi, pokeeni fulana, pokeeni chumvi, ni mali yenu. Kisha mwulizeni swali moja mbele ya watu wote: wewe wakubali kwamba anayetutawala apate zaidi ya nusu yetu? Akisema ndiyo, mwandikeni jina na tarehe. Akianza kueleza gharama ya ndege, mmekwisha kumjua.